Kitenzi Kula na Vyote Vinavyolika



Anayejifunza Kiswahili ukubwani hukutana na kitenzi kula katika somo la kwanza. Huambiwa kwamba maana yake ni kutia chakula kinywani, kutafuna na kumeza, naye huridhika. Hazipiti siku nyingi ataanza kusikia kwamba shahidi amekula kiapo, karani amekula rushwa, wakubwa wamekula njama, timu imekula kichapo, bibi amekula chumvi nyingi na kutu imekula bati. Gari linakula mafuta, simu inakula chaji, bahari inakula ufukwe, na vijana wa Dar es Salaam wanakula bata pasipo bata wala chungu. Sisi tuliolelewa na lugha hii hatuoni ajabu yoyote katika hayo. Kwa kuwa hatuoni ajabu, hatuulizi, na kwa kutouliza tumekiacha kitenzi chenye historia ndefu kuliko karibu kila jengo la mawe pwani hii kikae katika kamusi zetu kama orodha ya nahau zisizo na nasaba.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba nasaba hiyo ipo. Maana hizi zote zimetoka tumbo moja. Tena tukizifuata kwa uangalifu zinatuonyesha jinsi Kiswahili kilivyojengeka: majina mengi ya vitu vinavyoliwa, kama rushwa, riba, yamini, hasara, raha na urithi, yalikuja kutoka Kiarabu, lakini kitenzi kilikuwapo hapa, nacho ndicho kilichoyapokea na kuyapa namna ya kuishi kwetu.

Tuanze na mzizi. Kulinganisha lugha za Kibantu kwa utaratibu kulianza na Wilhelm Bleek katikati ya karne ya 19. Carl Meinhof aliweka kanuni za mabadiliko ya sauti mwaka 1899, na Malcolm Guthrie akakusanya mizizi kwa maelfu katika kazi aliyoichapisha kati ya 1967 na 1971. Katika mizizi hiyo yote ni michache inayojitokeza waziwazi kama huu. Mganda husema okulya, Mnyarwanda na Mrundi kurya, Mkikuyu kũrĩa, Mgiriama kurya, Mmalawi kudya, Mshona kudya, Mzulu ukudla, na msemaji wa Kilingala kolia. Ni silabi moja tu, iliyoanza na sauti ya d au iliyo jirani nayo, ikawa l kwetu, r kwa wengine, na kwa Wazulu ikageuka kuwa sauti inayopitia pembeni mwa ulimi. Neno lililoenea kutoka misitu ya Kongo hadi Natal bila kupoteza maana yake ya msingi ni neno ambalo watu walihama nalo, kizazi baada ya kizazi.

Udogo wake ndio ulioleta shida moja ambayo kila mwanafunzi huilalamikia. Kwa nini tunasema anakula, amekula, atakula, tukibakiza ile ku, ilhali hatusemi anakusoma tukimaanisha kwamba anasoma kitabu? Sababu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya njeo kama na, me, li na ta haviwezi kuubeba. Kitenzi cha silabi moja kikiachwa peke yake mbele yao hakina mahali pa kusimamia, kwa hiyo ku hubaki ili ipokee mkazo. Kiambishi kinachoweza kuubeba kikipatikana, ku haihitajiki tena: hula, asile, akala, ameila. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako huwachanganya wengi hapa. Wanadhani ku iliyomo ni hii ya mkazo, kumbe ni wewe mwenyewe unayeliwa: ki-ku-la-cho, kitu kile kinachokula wewe. Namwomba kila mwalimu wa sarufi aitumie methali hii darasani, kwa maana inafundisha viambishi vinne kwa pumzi moja.

Kutoka silabi hiyo moja tumepata chakula, mlo, mla, mlaji, ulaji, lishe, malisho, kulisha, kuliwa, kulika. Wachumi wetu walipohitaji neno la mtu anayenunua bidhaa kwa matumizi yake walimwita mlaji, hata kama alichonunua ni ndoo ya rangi. Na tumepata jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha: upande mmoja wa mwili.

Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Ni kauli ya kutendea ya kitenzi chetu, haina uhusiano na kulia kwa machozi. Ushahidi upo kwa majirani, ambao maneno hayo mawili hayajakutana vinywani mwao: Mkikuyu akila husema kũrĩa na akilia husema kũrĩra, Mnyarwanda husema kurya na kurira. Kwetu sauti zimeyakutanisha. Lakini kuuita mkono huo kwa jina la kula si jambo letu peke yetu. Kwa Wakikuyu upande huo ni ũrĩo, kwa Wanyarwanda ni iburyo, kwa Waganda ni ddyo, na yote yametokana na mzizi uleule. Watu waliozungumza lugha mama ya lugha hizi, maelfu ya miaka iliyopita, waliutenga mkono mmoja kwa chakula na wakaugawa ulimwengu kwa mkono huo.

Sasa tazameni lililotokea Kiarabu kilipofika. Kwa Kiarabu yamini ni mkono wa kulia, na pia ni kiapo, kwa kuwa watu walishikana mkono huo walipofungana kwa ahadi. Mswahili alilipokea neno hilo kwa maana ya kiapo. Mwarabu hali kiapo chake. Ana vitenzi vingine kabisa vya kuapa. Mswahili akasema kula yamini. Neno la mkono wa kulia likapewa kitenzi cha mkono wa kulia, na sidhani kama kuna aliyelipanga hilo.

Kwa nini kiapo kiliwe? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona kiini cha jambo lote.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kiapo hakikuwa maneno matupu. Kiliingia mwilini. Mtuhumiwa alipewa kitu ameze nacho ukweli au uongo wake: kama ni mkweli kingepita salama, kama ni mwongo kingemgeukia tumboni. Pwani palikuwa na kiapo cha mkate. Wagiriama walikuwa na kiraho cha papai, na hadi leo kwao kuapa kwa namna hiyo ni kurya kiraho. Wakikuyu husema kũrĩa mũma, kula kiapo, na wakati wa mapambano ya Mau Mau, ambayo yaliifanya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, waliokula kiapo walikula kweli: walipita chini ya tao la migomba na majani, wakapewa nyama ya mbuzi. Wazungu walioandika habari hizo waliandika kwamba watu walichukua kiapo, kwa kuwa ndivyo Kiingereza kinavyosema. Kuchukua na kula ni vitendo viwili tofauti. Kilichochukuliwa kinaweza kuwekwa chini. Kilicholiwa kimekuwa sehemu ya mwili wa mlaji, na akikivunja anajivunja mwenyewe. Maofisa waliodhani kwamba tangazo la serikali lingewaondolea watu kiapo hawakuwa wameielewa tofauti hiyo.

Kuna swali ambalo msikilizaji makini ameshaanza kujiuliza. Je, si kweli kwamba Waajemi nao hula kiapo? Ni kweli. Kwa Kiajemi kuapa ni sowgand khordan, kula sowgand, na neno hilo sowgand asili yake ni maji ya kiberiti aliyonyweshwa mtuhumiwa katika hukumu za kale za Iran. Msemaji wa Kiurdu au Kihindi naye hula kiapo, qasam khana, na si hicho tu: hula rushwa, hula kipigo. Mwajemi hula huzuni, hula ushinde, na akianguka hula ardhi. Orodha hiyo inafanana na yetu kiasi cha kushtua, na bahari kati yao na sisi ilipitwa na majahazi kila msimu wa kaskazi kwa zaidi ya miaka elfu. Wapo watakaosema basi tulizoa yote huko.

Mimi sikubali, na sababu yangu iko bara. Mganda anayekula rushwa husema okulya enguzi. Jina la kitu kinacholiwa ni lake, si la Kiarabu wala Kiajemi. Anayemsaliti mwenzake amekula olukwe, yaani hila, sawasawa na sisi tunavyokula njama, ilhali olukwe na njama hayana uhusiano wowote wa sauti. Mnyarwanda leo husema kurya ruswa, na hapo jina ni letu: rushwa, lililotoka Kiarabu, likaja pwani, likapanda na wafanyabiashara na makarani hadi Kigali. Lilipofika lilikuta kitenzi kimeshaketi. Mzizi uliotumika namna moja na watu wasiowahi kuiona bahari haukuhitaji jahazi. Tena tukienda mbali zaidi, Mhausa wa Nigeria, ambaye lugha yake si ya Kibantu, hutumia ci, kula, kwa kuteka mji na kwa kufaulu mtihani. Na Mchina aliyepata hasara husema amekula hasara, kwa maneno hayohayo mawili. Tumbo ni la binadamu wote. Ninachokubali ni kwamba pwani, ambako Waswahili, Washihiri, Wahindi na Waajemi walifanya biashara baraza moja, kila mmoja alimsikia mwenzake akila vitu vilevile, na mazoea hayo yakatia nguvu yale yaliyokuwapo.

Kiarabu chenyewe kilitia nguvu upande wa mali. Qurani inawakemea walao riba na walao mali ya yatima, kwa kitenzi cha kula. Kwa hiyo Mswahili aliyesoma chuoni alikuta lugha ya dini na lugha ya nyumbani zinakubaliana juu ya jambo moja: mali ya mtu huliwa, na aliyekula isiyo yake ameibeba tumboni.

Naomba sasa tuingie kwenye utawala, kwa kuwa huko ndiko maana ya kula imepata msukosuko mkubwa zaidi, na huko ndiko ninakosikitishwa na wepesi wa waandishi wetu.

Tarehe 31 Julai 1993, Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa Naggalabi, Buddo, Waganda walisema amekula Buganda. Hawakumtukana. Ndivyo inavyosemwa kwa kila Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na chifu aliyepewa wilaya naye husemwa amekula uchifu, okulya obwami. Bunyoro mfalme hula ngoma, kama alivyofanya zamani yule wa Ankole, kwa maana ngoma ndiyo ufalme. Katika matumizi hayo kula ni heshima, na ni mzigo. Aliyekula, nchi imeingia ndani yake. Mwili wake na nchi vimekuwa kitu kimoja, na watu wanaotia mikono katika vyakula vya ikulu yake wana haki ya kufanya hivyo. Anayekula hulisha. Lugha yenyewe inaviweka vitenzi hivyo viwili katika shina moja, kula na kulisha, na mtawala aliyeshika cha kwanza akaacha cha pili alikuwa na sifa mbaya zamani kama sasa.

Siasa za baada ya uhuru zilikuta neno hilo na kulibadilisha. Mwanasayansi wa siasa wa Ufaransa, Jean-François Bayart, mwaka 1989 aliandika kitabu maarufu juu ya dola barani Afrika akakiita siasa za tumbo. Mwaka 2009 Michela Wrong akasimulia habari za John Githongo, aliyekuwa na dhamana ya kupambana na ufisadi katika serikali ya Kenya akalazimika kukimbilia Uingereza, na jina la kitabu chake ni kauli ambayo kila Mkenya anaijua: zamu yetu ya kula. Tanzania tulikuwa na neno letu, ulaji, tukimaanisha cheo chenye posho na safari. Yote hayo ni kweli, na waandishi hao walisikia sawasawa. Ninacholalamikia ni kwamba wasomaji wengi wamebaki na wazo kwamba Mwafrika huliita dola chakula kwa sababu ya uroho wa asili. Historia ya neno inasema kinyume. Kula kwa utawala kulikuwa na sehemu mbili, na kilichopotea ni ile ya pili. Msemo wa zamu yetu ya kula hauna chembe ya kulisha ndani yake, na huo ndio upya wake.

Linganisheni na lugha ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Waandishi wake walipotaka neno la kumhukumu mtu anayeishi kwa jasho la wengine hawakusema mlaji, walisema mnyonyaji. Wakazungumza kuhusu mirija na kupe. Naona walichagua kwa busara. Kula bado kulikuwa haki ya kila mfanyakazi, na hawakutaka kukichafua kitenzi cha mezani. Kunyonya ni kupata bila kulima, bila kupika, bila hata kutafuna.

Sheria nayo ina neno lake. Katika mahakama mtu hushtakiwa kwa kuomba au kupokea rushwa. Mtaani huyo mtu amekula rushwa, na mtaa umesema zaidi ya sheria. Kupokea hakuelezi fedha imekwenda wapi. Kula kunaeleza: imeshaingia, imeshakuwa nyumba, ada ya shule na unene wa shingo. Ndiyo maana hasira ya umma, inapofika kileleni, haimtaki mla rushwa arudishe fedha. Inamtaka azitapike. Hakuna kitenzi kingine kinachofaa, kwa sababu kilicholiwa hakina njia nyingine ya heshima ya kutoka.

Mfano bora wa maana hii ya kula niliouona ni bao. Katika drafti, kete iliyoliwa hutolewa ubaoni na kuwekwa pembeni, imekufa. Katika bao la Kiswahili haifi. Mashimo ni 32, kete ni 64, na mchezo ukianza hadi ukiisha hakuna hata moja inayotoka. Nikizila kete zako nazibeba na kuzipanda katika mashimo yangu, nazo huanza kunifanyia kazi dhidi yako. Kula katika bao ni kumhamishia mlaji nguvu ya aliyeliwa, na nadhani waliokiita kitendo hicho kula walikuwa wanakitumia kitenzi kwa maana yake kamili. Kula urithi ni hivyo. Kula ngoma ya ufalme ni hivyo. Kula kiapo ni hivyo pia, ila nguvu inayohamia kwa mlaji inaweza kumgeuka.

Hilo la kugeuka linatupeleka kwenye kundi linalowasumbua watunga kamusi: kula kichapo, kula fimbo, kula hasara. Hapa mlaji ndiye anayeumia. Wengine wameliita hili kinyume cha maana ya kawaida. Si kinyume. Anayekula raha na anayekula bakora wote wameingiwa na kitu ambacho hawawezi tena kukikwepa. Tofauti iko katika kilichoandaliwa, haiko katika kula. Wachambuzi wa soka wameliendeleza jambo hili kwa ustadi ninaouheshimu. Mchezaji aliyetolewa kwa kadi nyekundu amekula umeme, na kila msikilizaji wa redio anauhisi mshtuko.

Na vijana wametupa kitu kipya kabisa: imekula kwako. Husemwa kwa mtu aliyepata hasara asiyoweza kumdai yeyote. Tazameni sarufi yake. Kitenzi kina kiima, i, lakini hakuna nomino inayosimama nyuma ya hiyo i. Haikutajwa wala haitatajwa. Hakuna yambwa. Kuna mahali tu, kwako, ambapo ulaji umetokea. Methali za zamani zilimtaja mlaji kila mara: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, mchuma janga hula na wa kwao, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Katika imekula kwako mlaji amefutwa. Wapo wazee wanaoliona neno hili kuwa la kihuni. Mimi naliona kuwa maelezo sahihi ya maisha ya mjini, ambako kijana anaweza kupoteza akiba yake kwa kamari ya simuni au kwa bei iliyopanda usiku, na asimwone aliyekula.

Ninamalizia na ombi kwa wenzangu wa taasisi za lugha. Kamusi ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, ya Johnson na ya Sacleux mwaka 1939, Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA mwaka 2015. Hiyo ni miaka zaidi ya 130 ya kazi ya heshima. Lakini hatuna bado kamusi inayomwambia msomaji ni lini maana fulani ya neno ilionekana kwenye maandishi kwa mara ya kwanza, na iliandikwa na nani. Vyanzo vipo: tenzi na barua za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, magazeti kama Msimulizi la Zanzibar la mwaka 1888, Kiongozi la Tanga la mwanzoni mwa karne ya 20, Mambo Leo kuanzia 1923, na kumbukumbu za mahakama za Lamu, Mombasa na Unguja ambako watu walikula kiapo mbele ya kadhi na makarani wakaandika. Mwanafunzi mmoja mwenye subira, akipewa chumba, kompyuta na miaka miwili, anaweza kukifuata kitenzi kula katika maandishi hayo yote na kutuonyesha lini rushwa ilianza kuliwa kwa Kiswahili na lini ulaji ukawa cheo. Barua za maombi ya ufadhili wa kazi hiyo niko tayari kuzitia saini hata kesho.